Mguu Wangu Ulikuwa Pale Kabla Hajatua

Sauti ya goti likiachia si kubwa kama mnavyodhani.

Ni kama mtu kavunja biskuti ndani ya mfuko wa suruali... halafu kimya.

Halafu ndio ukelele unakuja.

Mimi nilikuwa nimesimama juu yake, mikono yote miwili hewani, namwonyesha refa viganja. Sijamgusa. Angalia, mikono misafi.

Refa akapuliza filimbi, akanyoosha vidole. Fauli ya kawaida, mitupo miwili. Ya tatu kwangu.

Unajua nilifanya nini baada ya hapo? Sikumwangalia aliyelala chini. Niligeuka, nikamtafuta Kocha kwenye benchi letu.

Kocha akanipa ishara ya kichwa. Kidogo tu, kama mtu aliyepokea mzigo na kusaini.

Na yule aliyekuwa anagaagaa pale chini, kashika goti kwa mikono miwili, ndiye aliyenifundisha kukaba.

Ndiyo. Mimi ndiye yule wa kwenye video. Yule mliyemrusha kwenye magrupu wiki nzima, mkazungushia mguu wangu duara jekundu, mmoja wenu akaandika nifungwe pingu hapo hapo uwanjani. Nimekaa kimya muda mrefu. Leo naongea. Mkimaliza kusoma, nitukaneni kwa nafasi.

Nianze mwanzo.

Chuoni, kwenye timu ya kikapu, wananiita Komeo. Kufunga sijui. Niache peke yangu chini ya ringi na mpira mkononi, nitakosa, nitauokota, nitakosa tena. Lakini nipe mtu nimkabe... huyo mtu siku yake imeharibika.

Kukaba ni kazi ya mwili jamani. Nyie mnaona wasichana wanakimbizana na mpira, hamuoni kinachoendelea kiunoni. Unamwekea mkono kwenye nyonga ajue upo. Unambana kwa kifua, hatua ndogo ndogo, mpaka anapokea mpira mbali na pale anapopapenda. Akija kwa kasi unasimama imara, unapokea bega lake kifuani, mnaanguka wote. Sijawahi kumaliza wiki bila alama ya bluu mwilini.

Mama akiniona nabadilisha nguo anauliza, "Wewe unasoma au unapigana na ng'ombe?"

Haya yote nilifundishwa na Dada Saba.

Saba ni namba yake ya jezi. Mimi nilipoingia mwaka wa kwanza, yeye alikuwa mwaka wa pili, kitanda chake na changu bwenini vinatazamana. Jioni wenzetu wakienda kuoga, yeye ananibakiza uwanjani.

"Mikono inaita filimbi," aliniambia. "Refa anaangalia mikono. Wewe kaba kwa miguu. Fika kabla yake, simama, mwache akugonge mwenyewe."

Ananirudisha mstarini. Tena. Tena. Mpaka mapaja yanatetemeka kama yana homa.

Halafu katikati ya mwaka ule ule, ghafla tu, akahama. Akaenda chuo pinzani, wale wa ng'ambo ya barabara kuu. Hakuaga mtu. Asubuhi nimeamka, godoro lake limekunjwa.

Kocha alitukusanya akasema, "Ametutupa. Mtu wa hivyo hasalimiwi."

Na mimi nikatii. Alinitumia ujumbe mara mbili kuniuliza naendeleaje. Niliusoma wote. Sikujibu hata herufi.

Sasa twende kwenye fainali.

Kipindi cha kwanza Saba alinidhalilisha, sina neno lingine. Alama ishirini na mbili, zote akiwa amekabwa na mimi. Nikienda kulia, yeye kushoto. Nikibana, anarudi nyuma hatua moja, anaruka, mpira unaingia bila hata kugusa chuma.

Kilichoniuma zaidi siyo alama. Ni maneno. Kila nikimkosa ananinong'oneza akiwa anarudi:

"Miguu, Komeo. Umelala. Miguu."

Kama bado ni mwalimu wangu. Leo najua alikuwa ananisahihisha kwa moyo mweupe, mazoea tu. Siku ile nilisikia kejeli. Nilisikia mtu anacheka mbele ya jukwaa zima.

Mapumziko tulikuwa nyuma kwa alama tisa. Wenzangu wanakunywa maji, Kocha akanigusa bega.

"Komeo, njoo huku."

Akanipeleka stoo ya mipira. Chumba kidogo, kinanuka mpira na jasho la miaka, kwenye kona maji yanadondokea ndoo.

"Una fauli ngapi?"

"Mbili, Kocha."

"Umepewa tano. Hizo tatu unampelekea nani, mama yako?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Yule akirusha, anatua mguu wa kushoto mbele. Umeona?"

"Nimeona."

"Basi. Ukiwa umeshafika pale anapotua, huo ni mpira. Hakuna wa kukulaumu."

Nataka mnielewe vizuri hapa. Neno "muumize" halikutoka mdomoni mwake. Hata siku moja. Lakini kila mchezaji wa kikapu anajua maana ya kuingiza mguu chini ya mtu aliye hewani. Aliyeruka haoni chini. Anaamini sakafu ipo.

Nilisimama pale kama sekunde kumi. Nikawaza chumba changu bwenini, maana ukitolewa kwenye timu unatolewa na chumba, na nyumbani tuna chumba kimoja, mimi, mama na bibi. Nikawaza na ile "miguu, Komeo, umelala."

Nikasema, "Sawa, Kocha."

Robo ya tatu, dakika ya nne. Saba akarudi nyuma hatua yake moja, akaruka.

Mimi nikapiga hatua mbele.

Mengine mmeyaona.

Tulishinda kwa alama nne. Nilivishwa medali, Kocha akanikumbatia mbele ya kamera akaniita "komeo langu." Wenzangu waliimba njia nzima. Nikaimba na mimi. Sauti ilikuwa inatoka.

Sasa... mama yangu ni mfuaji hospitalini. Yale mashuka ya wodini, mapazia, makoti ya madaktari, wao ndio wanayafua na kuyarudisha wodini yakiwa yamekunjwa. Jumamosi huwa zamu yake, ndiyo maana haji uwanjani.

Jumapili mchana nikaenda nyumbani na medali shingoni. Nilitaka aione.

Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda, miguu ndani ya beseni la maji ya moto. Hata hakuniangalia vizuri.

"Pole na kazi, mama."

"Nimeshapoa. Jana tumeletewa mtoto wa watu, mwanangu. Anacheza huo mchezo wenu. Goti limegeuka hivi." Akageuza kiganja. "Nimepeleka mashuka nikakuta hana ndugu hata mmoja, wako njiani. Wanataka kumnyoosha mguu. Akanishika mkono, akaubana mpaka leo vidole vinaniuma."

Nikavua viatu mlangoni.

"Wanasema siyo ajali. Mwenzake kamtegea mguu." Akatikisa kichwa, akajimwagia maji kwenye visigino. "Sijui huyo aliyefanya hivyo kalelewa na nani."

Jamani.

Niliishika medali taratibu, nikaiingiza ndani ya fulana. Ilikuwa ya baridi kifuani. Nikamuuliza mama kama nimsugue miguu. Akasema ndiyo. Nikapiga magoti nikamsugua, kichwa chini, mpaka maji yakapoa.

Jumatatu ndio video ikatoka.

Shabiki alikuwa amekaa nyuma ya ringi na simu yake. Ameirudisha taratibu kabisa. Naonekana natazama chini. Naonekana napima. Naonekana naweka mguu.

Saa sita mchana simu ikaita. Mama.

"Wenzangu kazini wamenionyesha kitu," akasema.

"Mama..."

"Uso hauonekani vizuri. Lakini nimekuzaa mimi, mguu wako naujua."

Nikangoja anitukane. Hakunitukana. Nikasikia mashine za kufulia zinanguruma nyuma yake, muda mrefu, halafu akakata.

Alhamisi nikaitwa kamati ya nidhamu. Mzazi alitakiwa kuwepo, mama akaja na sare yake ya kazi, akakaa kiti cha mwisho karibu na mlango. Mwenyekiti alikuwa mlezi wa wanafunzi, mama mmoja mpole anayevaa miwani ya kamba. Kocha alikaa kulia kwake, kavaa tai.

"Mwalimu," mlezi akamuuliza, "uliwahi kumwagiza mchezaji huyu afanye tulichokiona?"

Kocha akashusha pumzi kama mtu aliyeonewa.

"Mheshimiwa, mimi nina mabinti nyumbani. Nafundisha ukabaji wa nguvu, ndiyo, wa nguvu lakini wa haki. Huyu ana chuki zake binafsi na yule binti. Timu nzima inajua hawasalimiani."

Nilihisi sakafu inanikimbia. Ni yeye aliyetukataza kumsalimia.

"Kapteni, ulisikia agizo lolote?"

Kapteni wetu akaangalia viatu vyake. "Mimi sikusikia kitu."

Na hakudanganya. Stoo tulikuwa wawili.

"Binti, una la kusema?"

Nilifungua mdomo. Nikaona wazi maneno yangu hayatabeba kitu. Mguu wangu uko kwenye kila simu mjini, maneno ya Kocha hayako popote.

Hapo mlango ukafunguliwa, zikaingia kwanza fimbo mbili. Magongo. Halafu Saba.

Mguu umefungwa kuanzia paja hadi kwenye kifundo. Amekonda kwa siku tano tu. Akampita mama yangu, akasimama kidogo. Wakatazamana. Mama akashusha macho.

Nikasema moyoni, leo ndio kaburi langu.

"Naomba kumuuliza Kocha swali moja," Saba akasema. "Stoo ya mipira bado inavuja pale kwenye kona?"



"Stoo inahusika vipi?" mlezi akauliza.

"Ndiko anakokupeleka mapumziko. Anakuuliza una fauli ngapi. Ukimjibu anakwambia umepewa tano, zilizobaki unampelekea nani, mama yako? Halafu anakuonyesha mtu anatua na mguu gani."

Neno kwa neno. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote duniani.

"Wewe umeyajuaje haya?" mlezi akamuuliza.

"Kwa sababu na mimi niliambiwa. Miaka miwili iliyopita, nusu fainali. Mnamkumbuka Mlingoti?"

Nilimkumbuka mara moja. Msichana mrefu wa chuo cha ufundi, alibebwa nje huku kifundo kimeangalia upande. Nilikuwepo, mwaka wa kwanza, niko benchi. Sote tulisema ametua vibaya. Tuliposhinda nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka.

"Alitua juu ya mguu wangu," Saba akasema. "Wakati ule hakuna aliyerekodi. Nilikaa wiki tatu, silali. Nikahama chuo. Basi. Hiyo ndiyo sababu, wala siyo maringo kama mlivyokuwa mnasema."



Halafu akanigeukia mimi.

"Na sijaja kukutetea, Komeo. Mimi niliambiwa nikakubali. Wewe umeambiwa ukakubali. Yeye Kocha alikaa benchi."

Kocha akaanza kusema kitu kuhusu wivu na chuo pinzani. Lakini kapteni wetu alikuwa ameshainua kichwa.

"Na mimi niliitwa stoo," akasema kwa sauti ndogo. "Mwaka jana."

"Ukafanyaje?" mlezi akauliza.

"Nikasema sawa, Kocha. Halafu uwanjani nikajifanya nachelewa kufika. Kila niliyeonyeshwa akiruka, nachelewa. Kocha akanitoa, akanisema sana, yakaisha."

Wapendwa, katika yote niliyosikia siku ile, hilo ndilo lililonichoma. Kujifanya nimechelewa. Hatua moja tu ya uvivu. Mimi sikuiwaza kabisa, kwa sababu sehemu ya moyo wangu ilitaka kuwahi.

Matokeo yalibandikwa ubaoni wiki iliyofuata. Kocha kaondolewa. Kombe likarudishwa. Mimi msimu mzima sichezi, na chumba cha bwenini nikakikabidhi. Nilibeba godoro langu kichwani mchana kweupe, watu wamejaa kwenye ngazi wanashuhudia. Hakuna aliyenizomea. Ingekuwa afadhali wangenizomea.

Mama hakuniongelesha siku nne. Ya tano aliweka khanga begani akasema, "Vaa viatu. Tunakwenda kwa yule mtoto."

Saba alitupokea sebuleni kwao, mguu juu ya mto. Daktari alikuwa ameshamwambia: kutembea atatembea, kucheza asahau.

Nilipiga magoti nikaomba msamaha. Nililia vibaya, kamasi na kila kitu. Aliniacha nilie.

Nilipomaliza akasema, "Nimekusikia. Kukusamehe bado. Nikiweza nitakwambia."

"Sawa, dada."

"Angalau umekuja." Akageuza uso dirishani. "Mimi kwa Mlingoti sijawahi kwenda. Nilihama chuo ili nisipite njia yake."

Mama yangu akauliza, "Anakaa wapi huyo?"

"Nasikia ana duka la kuchapa karatasi karibu na posta."

"Basi twende. Gongo lako liko wapi?"

Saba akamwangalia kama anataka kukataa. Mama alikuwa ameshaokota magongo yote mawili.

Duka lilikuwa na foleni. Mashine mbili zinalia, Mlingoti nyuma ya kaunta, mrefu vile vile, anachechemea kutoka mashine hii hadi ile. Alimtambua Saba papo hapo. Akasema, "Ngojeni nimalize wateja."

Alitungojesha. Akatoa nakala za vyeti, akabana ripoti ya mtu, akarudisha kalamu mahali pake. Mteja wa mwisho alipotoka akafuta mikono.

"Haya. Mmekuja kuchapa nini?"

Saba akasema yote akiwa wima, ameegemea gongo. Stoo. Maneno. Mguu. Hakupunguza wala kujipamba.

Mlingoti hakumkatiza. Mwisho akauliza kwa taratibu sana:

"Kwa hiyo... sikutua vibaya?"

"Hukutua vibaya."

"Una hakika?"

"Mguu wangu ulikuwa pale kabla hujatua."

Alishika kaunta. Nilidhani atampiga. Ningekuwa mimi ningempiga.

"Miaka miwili," akasema. "Baba aliniambia mwili wangu mrefu mno, sijui kuutawala. Kocha wa chuo chetu alisema nilikuwa mzembe. Na mimi nikaamini. Nimekataa hata kucheza na wadogo zangu uani. Ngazi nazishuka kwa kushika ukuta. Nilidhani nina kasoro."

Akatoka nyuma ya kaunta, akasimama katikati ya duka.

"Nionyesheni mguu ulikaa wapi."

Saba hakuweza, mguu umefungwa. Akanitazama mimi.

Basi nikavua kiatu, nikauweka mguu wangu sakafuni, pale pale ambapo mtu akirudi kutoka hewani angetarajia kukuta sakafu.

Mlingoti akainama, akautazama muda mrefu. Akapima na mguu wake, taratibu, bila kunikanyaga.

"Kumbe hapa," akasema.

Akalia. Mama yangu akamshika.

Hakutusamehe, hakutufukuza. Alituambia tufunge mlango tukitoka kwa sababu vumbi linaingia kwenye mashine.

Nimeandika haya kwa sababu moja. Kuna mtu uliwahi kumwangusha, kwa mkono, kwa mdomo, kwa siri, na hakuna aliyekurekodi. Unajipa moyo kwamba yamepita, ameshasahau. Nenda kamwambie. Usiende kutafuta msamaha, huenda usiupate, mimi mpaka leo nausubiri. Nenda kwa sababu huenda mwenzio anaishi akijilaumu mwenyewe kwa kosa lako.

Na kama unaitwa pembeni na mkubwa wako anakuambia jambo kwa mafumbo, na wewe umelielewa... umelielewa. Usijifiche kwenye mafumbo yake.

Nimemaliza. Maoni yenu nitayasoma yote, hata yale mabaya.